Lamu: Shambulio hupita, hofu hubaki mwilini

Zaidi ya miaka kumi baada ya shambulio la Mpeketoni, wapo wakazi wa Lamu ambao miili yao haijaambiwa kwamba usiku ule ulikwisha. Sayansi ya ubongo inaeleza kwa nini, na inaonyesha kwamba hofu ya namna hii inatibika.

Basi la kutoka Mombasa likishapita Gamba na kukaribia Nyongoro, mazungumzo hupungua. Aliyekuwa akilalamikia bei ya samaki hunyamaza, mama humvuta mtoto karibu, macho ya abiria yakahamia kwenye vichaka vya kando ya njia. Siku hizi barabara ya Garsen hadi Lamu ina lami, na polisi wamezoeleka kusindikiza mabasi. Lakini lami haikufuta tarehe 2 Januari 2020, siku ambayo basi la abiria lilishambuliwa Nyongoro na watu wakauawa. Siku tatu baadaye magaidi wa Al-Shabaab wakavamia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay alfajiri, na Wamarekani watatu wakafa.

Kila kona ya kaunti hii ina tarehe yake. Septemba 2011 watalii wawili Waingereza walivamiwa Kiwayu, mume akauawa na mke akatekwa. Mwezi uliofuata mwanamke Mfaransa alichukuliwa nyumbani kwake kisiwani Manda, akafia mikononi mwa watekaji. Usiku wa Jumapili, tarehe 15 Juni 2014, Mpeketoni iliteketezwa, na usiku uliofuata ikawa zamu ya vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 60 waliuawa. Hindi ilifuata Julai mwaka huo huo, Pandanguo mwaka 2017, Widho Januari 2022, Salama na Juhudi Juni 2023. Katika wadi ya Basuba, kwa Waawer walio pembeni ya msitu wa Boni, shule zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya ukosefu wa usalama.

Kwa kawaida tunahesabu hasara hizi kwa maiti, nyumba zilizochomwa na hoteli zilizofungwa. Hatuhesabu wale waliobaki hai na ambao hadi leo hawalali. Hao nao ni majeruhi. Jeraha lao halionekani, lakini linajulikana linavyotokea, na njia za kulitibu zipo. Kinachokosekana Lamu ni mtu wa kuzifikisha mlangoni kwao.

Ubongo unavyojifunza kuogopa

Usiku ule wa Juni 2014, Wakenya wengi walikuwa wakitazama Kombe la Dunia lililokuwa likichezwa Brazil. Mpeketoni pia ilikuwa hivyo: watu wamekaa kwenye hoteli na vilabu, macho kwenye televisheni. Mchukulie mtu mmoja miongoni mwao ambaye aliponea kwa kukimbilia shambani akalala chini hadi kukapambazuka.

Mlio wa kwanza wa risasi ulifika kwenye ubongo wake kabla hajajua ni kitu gani. Ndani ya kichwa, upande wa kulia na wa kushoto, kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kugundua hatari. Haisubiri sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima na kufikiri, itoe uamuzi. Mara moja moyo unakwenda mbio, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini na baadaye kotisoli, damu inaelekezwa kwenye misuli ya miguu, tumbo linaacha kusaga chakula, mboni za macho zinapanuka. Mtu anakimbia kabla ya kujiambia akimbie. Mwili wake haukukosea. Ulimwokoa.

Shida huanza baadaye. Jirani na amigdala ipo sehemu nyingine, hipokampasi, ambayo husaidia kulipa tukio mahali pake na wakati wake: hili lilitokea pale, mwaka ule, na limekwisha. Woga ukizidi kiasi, kazi hiyo huvurugika. Kinachobaki ni vipande visivyo na tarehe: harufu ya petroli, mwanga wa moto ukutani, ukelele wa mtu, mngurumo wa gari. Kipande kimoja kikiguswa, mwili hujibu kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Bodaboda ikipiga mlio wa ghafla nje ya duka, mtu mzima yuko chini ya meza. Wazee walilijua hili zamani waliposema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliingiza hali hii ya kiwewe rasmi katika orodha ya magonjwa. Dalili zake ni jinamizi na kumbukumbu zinazojileta zenyewe, kuepuka mahali na watu wanaokumbusha tukio, kushtuka kwa jambo dogo, hasira za ghafla, na wakati mwingine ganzi ya moyo: mtu hafurahi harusini na halii matangani. Zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kumharibia mtu kazi na nyumba yake, anahitaji msaada.

Katika mitaa yetu mtu huyo huambiwa amepagawa, au ana imani haba. Maneno hayo humjeruhi mara ya pili. Anayetetemeka anaposikia mlio wa fataki za harusi hana upungufu wa imani. Ubongo wake ulipata funzo moja zito kwa usiku mmoja, na hakuna aliyemsaidia kupata jingine.

Mbwa wa Pavlov na usiku wa Lamu

Je, funzo hilo linaweza kufutwa? Jibu la sayansi ni kwamba kwa kawaida halifutwi. Linawekewa jingine juu yake.

Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, aliyesifika kwa kuwafundisha mbwa kutokwa na mate kwa ishara fulani, alipata ushahidi wa hili kwa bahati mbaya. Septemba 1924 mafuriko makubwa yaliukumba mji wa Leningrad. Maji yaliingia kwenye vizimba vya mbwa wake hadi wakakaribia kuzama, wakaokolewa dakika za mwisho. Baadhi yao walisahau mafunzo yote waliyokuwa nayo. Mmoja alifundishwa upya kwa subira, akarudi hali yake. Ndipo Pavlov akaachia maji kidogo tu yapenye chini ya mlango wa chumba. Mbwa yule akavurugika tena kama siku ya mafuriko.

Watafiti waliofuata walieleza sababu. Mtu anapokutana tena na kile anachokiogopa, mara nyingi, mahali salama, na baya lisitokee, sehemu ya mbele ya ubongo hujifunza kuituliza amigdala. Kumbukumbu ya zamani haijaondoka, ila sasa kuna kumbukumbu mpya inayoizuia. Ndiyo maana hofu iliyopoa inaweza kuwaka tena baada ya habari mbaya ya redioni, na mtu asidhani kwamba kazi yote imepotea. Na ndiyo maana kuepuka, ingawa kunaleta nafuu kwa saa moja, hukuza hofu kwa miaka. Anayeepuka hampi ubongo wake nafasi ya kuona kwamba hatari haipo tena.

Tukiutazama usiku wa Lamu kwa jicho hilo, tunaona jambo ambalo halisemwi mara nyingi. Baada ya mashambulizi ya 2014 kaunti iliwekewa kafyu, na wavuvi wa visiwani wakazuiwa kuvua usiku kwa muda mrefu. Serikali ilikuwa na sababu zake za kiusalama. Lakini kwa mvuvi wa Kizingitini, Faza au Ndau, bahari ya usiku ni mahali pa kazi, tena kazi aliyorithishwa na baba yake. Alipofungiwa pwani hakupoteza samaki pekee. Alipoteza pia nafasi ya kutoka, kurudi salama, kutoka tena, hadi mwili wake uamini. Mama wa Hindi au Kibaoni aliyejifungia ndani tangu magharibi kwa miezi mingi naye alijifunza kitu kimoja tu, kwamba giza ni adui. Amri ya kafyu inapoondolewa, funzo hilo haliondoki nayo. Lilipaswa kufuatwa na juhudi za kuwarudisha watu kwenye usiku wao, hatua kwa hatua, na kwa pamoja.

Mlango wa pumzi

Hapa ndipo uzingativu unapoingia: zoezi la kuelekeza akili kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa, pumzi au mguso wa mkeka chini ya miguu, bila kukihukumu. Asili yake ni mapokeo ya Kibudha. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, aliuingiza hospitalini kama mafunzo ya wiki kadhaa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu.

Kwa nini pumzi? Kwa sababu katika mambo yote ambayo hofu huyateka mwilini, ni mojawapo ya machache tunayoweza kuyaongoza tukitaka. Hatuwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo, lakini tukitoa pumzi polepole, neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo hadi moyoni na tumboni, huupunguza kwa niaba yetu.

Uzito wa pumzi katika hofu ulidhihirika kwa mwanamke mmoja wa Marekani anayejulikana katika majarida ya sayansi kwa herufi S.M. Ugonjwa adimu uliziharibu amigdala zake zote mbili. Hakuogopa nyoka, hakuogopa filamu za kutisha, hakuogopa hata aliyemtishia kwa kisu. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, alipovutishwa hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dayoksaidi, alishikwa na kiherehere cha hofu kuu. Pumzi inapokwama, mwili unaogopa hata bila amigdala. Kwa hiyo kuitunza pumzi ni kazi ya msingi.

Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia waliwapima watu 23 wakisoma Rozari kwa Kilatini na wakirudia mantra za yoga. Aina zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika, mwendo ambao moyo na msukumo wa damu huenda kwa mwafaka mzuri. Hawakupima uradi wa Waislamu. Lakini katika mji wenye msikiti wa Riyadha na Maulidi ya kila mwaka, ambako tasbihi haikosekani mkononi baada ya sala, wengi wanajua kutokana na maisha yao wenyewe kwamba maneno yanayorudiwa taratibu huirefusha pumzi na kutuliza kifua. Uzingativu basi si kitu cha kuogopewa kama dini ngeni. Unaweza kukaa kando ya ibada bila kuigusa wala kuchukua nafasi yake.

Zoezi lenyewe ni hili. Kaa kwenye kiti au juu ya baraza, nyayo zote mbili ziguse chini. Macho yawe wazi. Weka kiganja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja hadi nne, tumbo likisukuma kiganja. Toa polepole ukihesabu hadi sita. Rudia kwa dakika tano. Akili itatoroka, ndiyo kawaida yake. Itakwenda kwenye deni la dukani, au kwenye usiku ule. Ikitoroka, jiambie kimoyomoyo, "hii ni kumbukumbu," kisha irudishe kwenye pumzi inayotoka. Kumbukumbu ikizidi nguvu, acha kuhesabu na utazame ulipo: taja vitu vitano unavyoviona, boriti za dari, nakshi za mlango, punda aliyebeba mawe ya ujenzi, mlingoti wa jahazi, kikombe cha kahawa. Sikiliza sauti tatu. Gusa ukuta. Unaipa hipokampasi habari iliyoikosa: leo ni leo, na mimi niko hapa.

Kile ambacho pumzi haiwezi

Uaminifu unatudai tuseme pia mipaka. Mwaka 2015 utafiti juu ya wanajeshi wastaafu 116 wa Marekani wenye kiwewe ulionyesha kwamba waliofundishwa uzingativu walipata nafuu zaidi kuliko waliokaa katika kundi la mazungumzo ya kawaida. Nafuu hiyo ilikuwa ya wastani, na wengi hawakupona kabisa. Utafiti mwingine wa watu 276 wenye wasiwasi uliopindukia, uliotangazwa Novemba 2022, uliona kwamba mafunzo ya wiki nane yalifanya kazi sawa na dawa ya escitalopram. Lakini madai kwamba wiki nane hubadilisha umbo la ubongo, yaliyovuma tangu 2011, hayakuthibitika watafiti wa Wisconsin walipochunguza watu zaidi ya 200 na kuchapisha matokeo mwaka 2022. Mtu anaweza kupata ahueni ya kweli bila picha ya ubongo kuonyesha mabadiliko.

Kwa aliyeona mauaji, kukaa kimya na kufumba macho kunaweza kumrudisha pale pale anapopakimbia. Ndiyo maana zoezi hapo juu linafanywa macho wazi, kwa muda mfupi, na ikiwezekana pamoja na mtu anayeaminika. Anayefikiria kujiua, anayetumia dawa za kulevya ili apate usingizi, au ambaye hatoki tena nyumbani, asiachiwe pumzi peke yake. Apelekwe hospitali, iwe King Fahd mjini Lamu au ile ya Mpeketoni. Matibabu ya mazungumzo yanayomsaidia mtu kusimulia yaliyompata kwa mpangilio, hadi tukio lipate mwanzo na mwisho, yana ushahidi imara kuliko uzingativu peke yake.

Tena ipo hofu ambayo si ugonjwa. Mwaka 2015 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti kuhusu mauaji na watu kutoweka wakati wa operesheni dhidi ya ugaidi, yakiwemo ya ukanda wa Pwani. Familia ambayo kijana wake alichukuliwa na haijui kama yu hai haiwezi kuambiwa ivute pumzi na itulie. Inadai jibu. Mkulima wa Widho anayeishi karibu na msitu ana haki ya ulinzi kabla ya ushauri nasaha. Ubongo hujifunza kwamba pako salama pale ambapo kweli pako salama.

Nani atafika mlangoni?

Kwa miaka kadhaa Shela imekuwa mwenyeji wa tamasha la yoga. Wageni hutoka mbali kuja kupumua kwenye mchanga wa Lamu, na hilo ni jema kwa uchumi wa kisiwa. Elimu ile ile inastahili kuvuka mkondo hadi Mokowe, ipande bodaboda mpaka Mpeketoni na mashua mpaka Kiunga, bila malipo, kwa Kiswahili, kwa watu walioshuhudia moto.

Haihitaji daktari bingwa katika kila kijiji. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza mpango wa vikao vitano ambao mtu asiye mtaalamu anaweza kufundishwa kuuendesha. Kikao cha kwanza kinafundisha kutuliza mwili kwa pumzi, na vinavyofuata vinahusu kukabili matatizo, kurudia shughuli zilizoachwa na kujenga tena uhusiano na watu. Ulijaribiwa pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake 421 ambao wengi walikuwa wamepitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa afya ya jamii, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha dhiki yao ilipungua kuliko ya waliopata huduma ya kawaida. Katika kambi ya Nakivale nchini Uganda, wakimbizi waliopewa mafunzo waliwasaidia wakimbizi wenzao kutoka Rwanda na Somalia kusimulia na kupona, na matokeo ya mwaka 2008 yalikuwa mazuri.

Kenya tayari ina jeshi la kufanya kazi hiyo. Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Wahudumu wa Lamu wanapima shinikizo la damu. Waongezewe maswali machache: unalala? unaota nini? ni wapi huwezi tena kwenda? Waongezewe vile vikao vitano. Maimamu na wachungaji wahusishwe ili waseme mimbarini kwamba kutafuta tiba ya kiwewe si upungufu wa imani. Viongozi wa wavuvi wahusishwe, ili anayeogopa bahari ya usiku arudi na wenzake, leo karibu na gati, wiki ijayo mbali kidogo.

Na familia zisisubiri kaunti. Usimlazimishe aliyenusurika asimulie, wala usimkataze anapoanza. Usimcheke anaposhtuka. Keti naye, pumueni pamoja, msindikize mara ya kwanza anaporudi sokoni.

Mtoto aliyezaliwa Mpeketoni mwaka wa shambulio sasa amevuka miaka kumi. Haukumbuki usiku ule, lakini watoto husoma hofu kwenye nyuso za wazazi wao: mahali ambapo mama huharakisha mwendo, saa ambayo baba hufunga komeo. Amejifunza kwao nini cha kuogopa, na baadhi ya hayo ni ya lazima. Ana haki ya kujifunza kwao pia jinsi mtu mzima anavyoshtuka, akapumua, akatazama alipo, kisha akaendelea na kazi yake. Hilo hawezi kulipata kwa mzazi ambaye hajatibiwa, ndiyo maana tiba ya waliookoka 2014 ni deni la leo.